Breketi zinabanduka: je, ninunue taa ya sekunde tatu?

Swali la daktari wa meno kijana, kutoka Goma:

"Mkubwa, jambo. Nimemaliza masomo miaka miwili iliyopita na sasa nafanya kazi katika kabineti ndogo hapa Goma. Mwezi uliopita nilifunga vyuma vya kunyoosha meno kwa vijana sita. Mwezi haujaisha, breketi kumi na moja, vile vipande vidogo vinavyogundishwa jinoni ili vishike waya, zimeshabanduka, nyingi za magego madogo. Natumia taa ya halojeni niliyoikuta hapa, sekunde kumi kwa kila breketi, nikimulika kutoka mbele. Kuna muuzaji ananishawishi ninunue taa ya LED inayokausha gundi kwa sekunde tatu. Ninunue? Nimulike kutoka wapi, kwa muda gani? Na wazazi wanaorudi na watoto wao, niwatoze kwa kubandika upya? Breketi zilizobanduka nimezihifadhi ndani ya kikopo."

Jambo, mdogo wangu. Katika barua yako yote, sentensi iliyonifurahisha zaidi ni hiyo ya kikopo. Tuanzie hapo. Taa tutaifikia.

Toa breketi moja moja, uigeuze, uangalie mgongo wake kwenye mwanga mzuri, kwa lenzi ukiwa nayo. Mgonjwa akirudi, angalia na jino ilipotoka. Ukikuta gundi yote imebaki kwenye wavu mdogo ulio mgongoni mwa breketi na jino liko safi, basi kiungo kimeachia upande wa jino. Hapo wa kushukiwa ni mate, unyevu, asidi ya kuandaa jino kabla ya gundi iliyokaa muda mfupi, au enameli yenyewe, yaani tabaka gumu la nje la jino. Lakini ukikuta gundi imebaki jinoni, tena imeshika alama ya wavu kama tope lililokanyagwa na soli ya kiatu, kiungo kimeachia upande wa breketi. Hapo shuku mwanga usiofika chini ya chuma, au breketi uliyoisogeza gundi ikiwa imeanza kushika, au mgongo wa breketi ulioguswa na vidole. Watafiti Årtun na Bergland walitengeneza kipimo cha jambo hili mwaka 1984: namba 0 ni jino lisilobaki na gundi hata kidogo, namba 3 ni jino lililobaki na gundi yote pamoja na alama ya wavu, na 1 na 2 zipo katikati, chini ya nusu na zaidi ya nusu. Andika namba hiyo kwenye fishi ya kila mgonjwa. Haikuchukui hata nusu dakika, na baada ya miezi mitatu utajua ugonjwa wa kabineti yako kuliko muuzaji yeyote.

Mimi somo hili nililipata vibaya. Siku moja hapa Bukavu nilikuwa nafunga waya kwa binti wa miaka kumi na minne, breketi ya gego dogo la pili ikanitoka mkononi, mbele ya mama yake. Niliigeuza, nikachukua sondi, kile chuma chembamba chenye ncha kali cha kuchunguzia meno. Ukingo wa gundi ulikuwa mgumu, sondi inateleza juu yake na kulia. Nilipofika katikati, sondi ilizama. Gundi ilikuwa inanata kama bugali ulioondolewa motoni kabla ya kuiva. Nilikuwa nimemulika sekunde ishirini nzima, saa mkononi, nikidhani nimefanya kazi safi. Nilichokuwa nimeivisha ni ukingo tu.

Sababu yake ni hii. Gundi yetu ni resini, na ndani yake kuna unga kidogo wa manjano uitwao kamforokwinoni. Unga huo hunywa mwanga wa buluu, hasa ule wa karibu na nanomita 470, kisha ukisaidiana na kemikali nyingine unaanzisha mnyororo unaoigeuza resini kutoka ute hadi jiwe. Mahali ambapo mwanga wa buluu haukufika, mnyororo hauanzi vizuri. Sasa fikiria unavyomulika wewe: kutoka mbele, moja kwa moja juu ya breketi ya chuma. Chuma hakipitishi mwanga. Unachokimulika hasa ni mgongo wa kizuizi, na gundi inategemea kile kidogo kinachopenya pembeni.

Kwa hiyo badilisha mahali pa kumulikia kabla hujabadilisha taa. Kwa breketi ya chuma, nusu ya muda mulika ukingo unaoelekea katikati ya uso, nusu nyingine ukingo unaoelekea kooni. Ncha ya taa iwe karibu kabisa, inakaribia kugusa, na imeinama kidogo ili mwanga uingie kwenye ule mwanya mwembamba kati ya chuma na jino. Enameli itakusaidia: inapitisha mwanga na kuutawanya, ndiyo maana gundi ya chini huweza kuiva ingawa imefunikwa na chuma. Kwenye meno ya mbele unaweza hata kumulika kutoka nyuma ya jino, upande wa ulimi, mwanga ukapita jino zima. Watafiti Tavas na Watts waliandika juu ya njia hiyo mwaka 1979, taa za mwanga wa buluu zilipokuwa bado ngeni. Inafanya kazi, ila jino hula sehemu ya mwanga, kwa hiyo ongeza muda. Kwenye magego sikushauri, jino ni nene mno. Breketi za kauri ni habari nyingine: hizo zinapitisha mwanga, mulika kutoka mbele bila wasiwasi.

Magego madogo ndiyo yanayokusumbua, na sishangai. Shavu linasukuma ncha ya taa, mkono unachoka, mtoto anafunga mdomo kidogo kidogo. Ncha ikisogea milimita chache tu, sehemu kubwa ya mwanga inaangukia ufizi. Tumia kifaa cha kuvuta mashavu cha pande zote mbili, geuza kichwa cha mtoto akutazame, na wewe mwenyewe itazame ncha muda wote. Lakini usiitazame kwa macho matupu. Mwanga wa buluu unaumiza sehemu ya nyuma ya jicho polepole, na wewe utaufanyia kazi miaka thelathini. Vaa miwani ya machungwa, mvishe na msaidizi wako, mvishe na mtoto. Najua madaktari wengi wanaogeuza uso pembeni wakati taa inawaka. Wakigeuza uso, ncha nayo inahama.

Sasa tuje kwenye taa yako ya halojeni. Sikuambii uitupe leo, lakini uijue. Ndani yake kuna balbu yenye uzi wa tungsteni unaowaka kwa joto kali. Sehemu kubwa ya nguvu yake ni joto, na kichujio hubakiza mwanga wa buluu tu, ambao ni sehemu ndogo sana ya umeme ulioingia. Balbu hiyo huishi saa chache, mara nyingi kati ya 40 na 100, na haifi ghafla. Inafifia wiki kwa wiki, kioo kinaingia weusi, kiakisi nyuma yake kinapoteza mng'ao, na jicho lako halioni tofauti kwa sababu bado ni buluu na bado inang'aa.

Halafu kuna umeme wetu. Wewe wa Goma unajua, na sisi wa Bukavu tunajua, jinsi umeme unavyodhoofika saa za jioni kabla haujakatika. Umeme ukishuka kwa asilimia 10, mwanga wa balbu ya uzi hushuka kwa karibu asilimia 30, na rangi ya buluu ndiyo inayoumia kuliko nyingine, kwa kuwa uzi ukipungua joto mwanga wake unaelekea wekundu. Kama taa yako haina kirekebishi cha umeme ndani, mgonjwa wa saa nne asubuhi na mgonjwa wa saa kumi na moja jioni hawapati mwanga ule ule, ingawa umehesabu sekunde zile zile. Hebu tazama kwenye fishi zako breketi zilizobanduka zilibandikwa saa ngapi.

Angalia na ncha. Ncha ya taa ikigusa gundi mbichi, gundi inaivia hapo hapo na kubaki kama utando. Ya pili inakuja juu yake, na ya tatu. Yangu niliikuta siku moja ina ganda la rangi ya maziwa lililofunika karibu nusu ya kioo. Nililikwangua kwa kipande cha plastiki kigumu na spiriti, kwa subira, na radiometa ikapanda mbele ya macho yangu. Sasa naifunika ncha kwa plastiki nyembamba inayopitisha mwanga, natupa na kuweka mpya kwa kila mgonjwa.

Radiometa ni kifaa kidogo kinachosoma nguvu ya mwanga. Za bei rahisi haziaminiki kulinganisha taa mbili zenye ncha za upana tofauti, lakini kwa kufuatilia taa moja, wiki hadi wiki, zinatosha kabisa. Pima kila Jumatatu, andika kwenye daftari. Kama huna, ng'oa jibu kwa njia ya zamani: chukua jino lililong'olewa, bandika breketi juu yake kama unavyofanya kila siku, mulika muda wako wa kila siku, kisha ibandue hapo hapo kwa koleo na uchome katikati ya gundi kwa sondi. Fanya mara tano. Sondi itakuambia.

Hesabu ya mwanga si ngumu. Nguvu huhesabiwa kwa miliwati kwa kila sentimita ya mraba. Ukiizidisha kwa sekunde na kugawa kwa elfu unapata jouli za nishati zilizofika kwenye kila sentimita hiyo. Taa ya miliwati 400 kwa sekunde 40 inatoa jouli 16. Taa iliyochoka hadi miliwati 200, kwa sekunde zako kumi, inatoa jouli 2. Nayo taa ya muuzaji wako, kama kweli inatoa miliwati 3000, kwa sekunde tatu inatoa jouli 9. Ukitazama hivyo utasema, basi muuzaji ana haki. Ana haki nusu. Kuzidisha huko hakushiki kila mahali, kwa sababu mwanga mkali mno huzalisha chembe nyingi za kuanzisha mnyororo kwa mpigo mmoja, nazo hukutana zenyewe kwa zenyewe na kuzimana kabla hazijajenga minyororo mirefu. Gundi iliyo chini ya breketi ni nyembamba, kwa hiyo inavumilia haraka hiyo kuliko kujaza tundu la jino. Lakini zile sekunde tatu zinadai ncha iwe mahali pake barabara tangu sekunde ya kwanza. Ukikosea kwa sekunde moja, umepoteza theluthi ya mwanga. Ukiwa na sekunde kumi, kosa la sekunde moja linasameheka. Kwa mkono wa miaka miwili, ndani ya mdomo wa mtoto anayemeza mate, mimi ningechagua msamaha.

Kuna na joto. Utafiti wa Zach na Cohen wa mwaka 1965, uliofanywa kwa nyani, ulionyesha kwamba kiini cha jino kikipanda joto kwa nyuzi 5.5 za Selsiasi, baadhi ya meno hayaponi tena. Breketi na gundi huzuia sehemu ya joto, sikutishi, ila taa kali ikiangukia ufizi inaweza kuuchoma, na jino dogo la chini la mbele lina ukuta mwembamba. Ukitumia taa kali, pumzika kati ya mimuliko na umwombe msaidizi apulize hewa.

Kwa hiyo, ninunue? Ndiyo, nunua LED, ila sababu isiwe zile sekunde tatu. Nunua kwa sababu ina betri na mzunguko unaoshikilia mwanga pale pale hata umeme wa mtaa ukidhoofika, kwa sababu balbu zake huishi maelfu ya saa, na kwa sababu mwanga wake wote uko kwenye buluu ambayo kamforokwinoni inaitaka. Tafuta yenye miliwati 1000 hadi 1500, ncha pana inayofunika breketi nzima, na betri unayoweza kuibadilisha bila kupeleka taa nzima kwa fundi. Muulize muuzaji bei ya betri ya pili kabla hujauliza bei ya taa. Namba iliyo kwenye kasha usiiamini mpaka umeipima, na upime tena ukiwa umeiweka ncha mbali kidogo, milimita nane hivi: taa nyingine mwanga wake unatawanyika na kubaki nusu. Soma pia karatasi ya gundi yako. Gundi chache zina kianzishi kingine kinachotaka mwanga wa zambarau, chini ya nanomita 420, na LED ya buluu tupu haiwezi kukiamsha vizuri. Taa za plasma za zenoni na leza ya argoni utazisikia zikisifiwa; ni ghali, ni nzito, na kwa kabineti yako hazina kazi.

Mpaka taa mpya ifike: badilisha balbu ya halojeni, safisha ncha, na umulike sekunde 20 kila upande, jumla 40 kwa breketi. Ukipata LED ya miliwati 1000 na zaidi, anza na sekunde 10 kila upande. Utapunguza baadaye, daftari lako likikuruhusu.

Hata hivyo, mdogo wangu, nadhani baadhi ya zile kumi na moja hazikuanguka kwa sababu ya taa. Unafanya kazi Goma. Watoto waliokulia upande ambako upepo husukuma moshi wa volkano ya Nyiragongo, huko Rusayo na Sake, wamekunywa maji ya mvua yaliyopita ndani ya moshi huo, nayo hubeba floridi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na kuna maji ya eneo la volkano yanayokivuka. Wewe unaiona watoto hao wakitabasamu: mistari myeupe kama chaki, madoa ya kahawia. Tabaka la nje la enameli ya namna hiyo linakataa asidi. Kwa jino la kawaida, asidi ya fosforiki ya asilimia 37 kwa sekunde 15 hadi 30 inatosha, na baada ya kuosha na kukausha utaona weupe wa barafu. Mtafiti Buonocore alipoanzisha jambo hili la kutia jino asidi mwaka 1955 alitumia asilimia 85, nasi tumejifunza kwamba nguvu hiyo haihitajiki. Lakini jino lenye floridi nyingi linaweza kutoka kwenye asidi likiwa linang'aa vile vile, kana kwamba hukulifanyia kitu. Usiendelee. Sugua uso wake kwa unga wa pamisi, likwangue kidogo sana mahali breketi itakapokaa, rudisha asidi na uifikishe sekunde 60, uangalie tena. Gego lililoharibika sana lifunge kwa pete ya chuma kuzunguka jino lote, usishindane nalo. Ukikuta kwenye kikopo chako breketi zenye gundi yote mgongoni, uliza watoto hao wamekulia wapi.

Unyevu nitaupitia haraka, kwani umefundishwa: mate yakigusa jino lililotiwa asidi, rudia asidi, usifute tu kwa pamba. Jambo ambalo hukufundishwa labda ni kompresa, ile mashine inayosukuma hewa ya kukaushia. Kwa hali ya hewa ya ziwani inakusanya maji ndani ya tangi. Ifungue chini kila asubuhi yatoke, kisha puliza hewa juu ya kioo cha mkononi. Kikiingia ukungu au matone, unakausha meno kwa maji.

Ukishaweka gundi mgongoni mwa breketi, ibonyeze kwa nguvu mpaka ya ziada itoke pembeni, iondoe kwa sondi, na taa kubwa ya kiti igeuze pembeni wakati huo, maana nayo ina buluu ya kutosha kuanza kuivisha. Gundi nyembamba inashika vizuri kuliko nene. Ukishamulika unaweza kufunga waya siku hiyo hiyo, ila gundi inaendelea kukomaa kwa saa 24, kwa hiyo anza na waya laini wa nikeli-titani, inchi 0.012 au 0.014, usilazimishe jino lililopinda sana kuingia wote siku ya kwanza. Na weka kabatini kasha moja la gundi inayoganda yenyewe bila taa. Haikupi nafasi ya kurekebisha breketi kwa utulivu, lakini siku umeme na betri vimekuacha pamoja, mgonjwa hatarudi nyumbani na nusu ya kazi.

Ukibandika upya, ondoa gundi yote ya zamani jinoni kwa kichwa cha karbidi, taratibu, kisha asidi tena. Breketi ya zamani usiirudishe bila kuisafisha wavu kwa mashine ya kupuliza mchanga wa alumina. Kama huna mashine hiyo, weka mpya.

Kuhusu pesa: usiwatoze. Najua mpya inagharimu, na najua mtoto mwingine amekula miwa na mahindi ya kuchoma ulivyomkataza. Lakini kwa sasa hujui ni nani aliyeangusha breketi, muwa au taa yako, na mama aliyetoka Sake na mtoto kwa pikipiki amekwishalipa nauli ya kwenda na kurudi kwa kazi ambayo ilipaswa kuwa imekwisha. Pima taa kwanza. Mwonyeshe mama breketi kutoka kwenye kikopo, mwambie ulichokikuta mgongoni mwake na ulichokibadilisha, kisha umketishe mtoto kitini na umvishe miwani.